Kumfundisha Mfamasia Mpya Kazini Hadi Umkabidhi Funguo: Mwongozo kwa Msimamizi

Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali moja ya huku kusini, nilisaini fomu ya mfamasia mtarajali bila kuangalia. Miezi mitatu ya dirishani, pale tunapotolea dawa, ilikuwa imekwisha. Kijana alikuwa na adabu, aliwahi kazini, na matokeo yake ya chuo yalikuwa ya kung'aa. Wiki mbili baada ya saini yangu, mama mmoja akarudi na chupa ya amoksilini ya maji. Juu ilikuwa kama maji ya mchele, na chini kulikuwa na donge la unga lililoganda kama chokaa. Mtoto alikuwa kwenye siku ya tatu ya dozi na homa iko palepale.

Nikamwita kijana kando, nikamwambia anieleze namna ya kuchanganya dawa ya unga. Alieleza yote, bila kukosea hata nukta. Gonga chupa unga ulegee, weka nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa, ongeza hadi kwenye alama, tikisa tena, subiri povu litulie, kisha tazama alama upya. Nikamuuliza, "Umeshawahi kumchanganyia mama mmoja hapa dirishani?" Akanyamaza. Miezi yote mitatu alikuwa anampa mama chupa kavu na maneno mawili, "weka maji mpaka hapa." Mimi nilikuwa naketi hatua nne nyuma yake na sikuwahi kugeuka.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesaini siku alizokaa, kazi yenyewe sikuwa nimeiona. Tangu hapo nimebadili namna ninavyofundisha, na haya ninayoandika ndiyo ninayofanya hapa Mtwara. Nimeyaandika kwa yeyote anayepokea mfamasia mpya, awe katika hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya misheni, hospitali ya halmashauri kule Liwale au Nanyumbu, au famasi ya mtu binafsi mjini Lindi.

Kwanza tuelewane juu ya neno umahiri

Baraza la Famasi linafanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, na utaratibu wetu unamtaka mhitimu wa shahada afanye mwaka mmoja wa utarajali chini ya msimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Huo mwaka ni muda. Umahiri ni kitu kingine. Watarajali wawili wanaweza kuanza siku moja, mmoja akawa tayari kukaa dirishani peke yake mwezi wa pili na mwingine akafika hapo mwezi wa tano, na wote wakaja kuwa wafamasia wazuri.

Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa udaktari wa Marekani, aliupanga ujuzi wa kitabibu kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa ni kujua. Juu yake ni kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha unavyofanya, na kileleni ni kufanya kweli, kila siku, kazini. Mitihani ya chuo hupima zaidi ngazi mbili za chini. Yule kijana wangu alikuwa amekomea hapo kwenye dawa ya unga, nami nikadhani yuko kileleni.

Shirikisho la Kimataifa la Famasi (FIP) lilitoa mfumo wake wa umahiri mwaka 2012 na kuupitia upya mwaka 2020. Umegawanyika makundi manne: afya ya jamii, huduma ya dawa kwa mgonjwa, uendeshaji na usimamizi, na mwenendo wa kitaaluma wa mfamasia mwenyewe. Usiuchapishe wote ukamkabidhi mtarajali siku ya kwanza. Ni mrefu, ataufungia kabatini. Tumia yale makundi manne kujikagua wewe msimamizi. Wengi wetu tunafundisha dirisha tu, tunagusa stoo kidogo, na hayo mengine tunamwachia Mungu.

Hatua ya kwanza: kabla hajafika, andika kazi, usiandike mada

Keti na wenzako, wakiwemo mafundi dawa sanifu, muulizane swali moja: ni kazi gani ambazo mtu huyu akizifanya vibaya usiku wa manane, mgonjwa anaumia au dawa inapotea? Hizo ndizo za kufundisha na kupima. Sisi tulianza na orodha ya kazi thelathini na kitu, ikatushinda. Sasa tunazo tisa:

1. Kupokea cheti cha dawa na kukihakiki.
2. Kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito.
3. Kutoa dawa na kumwelekeza mgonjwa.
4. Kumpigia daktari kuhusu cheti chenye tatizo.
5. Kupitia dawa za mgonjwa aliyelazwa wodini.
6. Kuhesabu stoo, kukokotoa mahitaji na kuagiza.
7. Kutunza dawa za friji.
8. Kutunza na kukabidhiana dawa zinazodhibitiwa.
9. Kutambua madhara ya dawa na kujaza fomu ya TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba.

Angalia kwamba kila moja inaanza na kitenzi. "Famakolojia ya antibiotiki" si kazi. "Kumweleza daktari kwa nini antibiotiki hii isubiri majibu ya maabara" ni kazi, na unaweza kusimama ukaitazama ikifanyika.

Kisha tafuta daftari gumu, lile la kurasa nyingi. Kila kazi ipewe kurasa zake, na kila ukurasa uwe na safu tano: tarehe na saa, nilichokiona, ngazi, cha kurekebisha, na saini za wote wawili. Wapo wanaotumia simu au kompyuta, si vibaya. Ila umeme ukikatika daftari linabaki kuwa daftari.

Hatua ya pili: ngazi tano za kumwachia

Mholanzi Olle ten Cate aliandika mwaka 2005 kuhusu kazi ambazo mwanafunzi hukabidhiwa kidogo kidogo kadiri anavyoaminika. Sisi tumezitafsiri ngazi zake kwa lugha ya kazini kwetu:

Ngazi ya 1, *tazama*. Ngazi ya 2, *fanya nikiwa ubavuni*. Ngazi ya 3, *fanya nikiwa humu jengoni*. Ngazi ya 4, *fanya peke yako*. Ngazi ya 5, *mfundishe mwenzio*.

Hakuna asilimia, hakuna "vizuri sana". Swali ni moja tu: kesho nikiwa mbali, naweza kumwachia? Kwa kila kazi jibu linakuwa tofauti, na hapo ndipo watu wanapokwama. Mtu anaweza kuwa ngazi ya 4 dirishani na ngazi ya 1 kwenye stoo. Usimpe mtu ngazi, ipe kazi.

Kupanda toka ngazi ya 2 kwenda ya 3, au ya 3 kwenda ya 4, tunataka aonekane mara tatu: wagonjwa tofauti, saa tofauti, na angalau mara moja kukiwa na msongamano. Jumatatu asubuhi, siku ya kliniki ya sukari na presha, mabenchi yamejaa hadi nje, hapo utamjua mtu. Jumamosi jioni kila mmoja ni mahiri.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza

Wiki ya kwanza hagusi cheti. Anazunguka mapokezi, maabara, wodi ya wazazi, wodi ya watoto, stoo, na ofisi ya mhasibu wa hospitali. Anaketi nusu siku kwenye benchi la wagonjwa, bila koti jeupe. Hilo la benchi wengine hulicheka, lakini jioni yake ndiyo wanarudi na maswali mazuri kuliko siku zote. Mmoja aliniuliza kwa nini dirisha letu liko juu kiasi kwamba mgonjwa wa kiti cha magurudumu anazungumza na ukuta. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita bila kuliona.

Siku ya pili mtambulishe kwa majina kwa mafundi dawa sanifu na wahudumu. Mwambie waziwazi, mbele yao, kwamba hawa wanajua mengi kuliko yeye kuhusu chumba hiki. Shahada ina kiburi chake, na kiburi kinatibika mapema.

Hatua ya nne: dirishani

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mgonjwa anapokutana na taaluma yetu yote kwa dakika mbili.

Mfano wa kweli wa ukurasa mmoja wa daftari. Saa 10 jioni. Mama amekuja na mtoto wa kilo 18, malaria imethibitishwa, ameandikiwa dawa mseto ya ALu. Binti mtarajali alihakiki jina na uzito, akachukua vidonge 12, hesabu sahihi: kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge viwili kila mara, mara sita. Akasema:

"Mama, atameza viwili sasa hivi hapa. Halafu vingine viwili baada ya saa nane. Kesho na kesho kutwa, viwili asubuhi na viwili jioni. Umpe na chakula chenye mafuta kidogo."

"Haya mwanangu, asante."

Mama akainua kanga yake, akaanza kuondoka. Nikamwahi. "Mama, samahani kidogo. Vile vidonge vya pili utampa lini?"

"Si amesema saa nane? Nikitoka shamba kesho mchana."

Saa nane mchana, yaani saa 22 baada ya dozi ya kwanza. Binti hakukosea chochote kitabuni. Kasema "baada ya saa nane", mama kasikia "saa nane". Kiswahili chetu kinatumia neno hilohilo kwa muda unaopita na kwa saa ya ukutani, na mfamasia aliyesoma dozi zote kwa Kiingereza hajawahi kukutana na mtego huo mpaka asimame dirishani. Tiba yake ni kuitaja saa yenyewe: "Sasa ni saa 10 jioni. Atameza tena saa 6 usiku. Utamwamsha." Na kama mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi ile, mama arudi kuchukua ya kufidia.

Niliandika: *Dozi sahihi. Uzito umehakikiwa. Dozi ya kwanza imemezwa mbele yake. Hakumrudishia mama swali. Ngazi ya 2.* Siku tatu baadaye nilimwona tena akisema, "Mama, hebu nieleze ukifika nyumbani utampaje, nijue kama nimeeleza vizuri." Sikiliza ule mwisho, *kama nimeeleza vizuri*. Mzigo ameubeba yeye, hakumfanya mama ajisikie anapigwa mtihani. Ngazi ya 3.

Mambo mengine ya dirishani ambayo nayapima kwa macho, na ambayo sijayaona kwenye fomu yoyote:

Bahasha. Tumezoea kuandika "1 x 2" na kumpungia mtu mkono. Muulize bibi wa Newala maana yake. Wengine watakwambia kidonge kimoja mara mbili, wengine vidonge viwili mara moja, na wachache watakuambia kimoja kila baada ya siku mbili. Mtarajali aandike kwa maneno, na kwa asiyesoma achore jua na mwezi na idadi ya vidonge chini yake. Inachukua sekunde kumi.

Kijiko. Mtoto wa kilo 12 anayehitaji parasetamo ya miligramu 15 kwa kilo anapata miligramu 180. Kwenye dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Sasa 7.5 kwa kijiko cha nyumbani ni kiasi gani? Hakuna ajuaye, vijiko vya nyumbani havilingani. Nataka nimwone anavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anaweka alama ya kalamu ya wino mzito, anampa mama avute mwenyewe.

Mfungo. Mwezi wa Ramadhani, huku kwetu, dawa ya "mara tatu kwa siku" haina mchana. Mtarajali anatakiwa aulize kabla hajaambiwa: "Babu, shikamoo. Umefunga?" Kwa dawa kadhaa inatosha kuzipanga kati ya futari na daku. Kwa mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au glibenklamaidi hapana, huyo sukari inaweza kushuka mchana akaanguka. Anarudishwa kwa daktari apangiwe upya, na ikibidi ashauriwe asifunge. Mtarajali anayejipangia mwenyewe dozi za insulini ili kumfurahisha babu, nampa ngazi ya 1 na tunazungumza.

Uraka, kileo cha mabibo ya mkorosho. Ukimpa mtu metronidazo, lazima umwonye kuhusu kilevi mpaka siku mbili baada ya kumaliza dawa. Lakini ukimuuliza mzee wa Tandahimba wakati wa mabibo, "Unakunywa pombe?" atakwambia hapana, tena kwa moyo safi. Muulize, "Na uraka?" Atacheka. Hapo ndipo maelekezo yanaanzia.

Msimu wa kupulizia salfa mikorosho watakuja watu wenye macho mekundu na kifua kinachobana, wanataka dawa ya kikohozi na matone ya macho. Mahiri anauliza kazi anayofanya mtu kabla ya kushika chupa, na anajua ni nani wa kupelekwa kwa daktari saa hiyohiyo: anayehema kwa shida, asiyeona vizuri, mwenye pumu.

Hatua ya tano: simu kwa daktari

Hii ndiyo kazi inayowaogopesha kuliko zote. Nimeona watarajali wakitoa dawa wanayoijua ina tatizo kwa sababu tu hawataki kumsumbua daktari. Fundisha sentensi tatu, wazirudie mpaka ziwe za kwao: mimi ni nani na mgonjwa ni nani, tatizo ni lipi, napendekeza nini.

Mama mjamzito wa miezi minane, maumivu ya mgongo, ameandikiwa diklofenaki. Dawa za kundi hilo, ujauzito ukiwa mkubwa, zinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo wa mtoto ambao unatakiwa ubaki wazi hadi azaliwe. Simu inakwenda hivi:

"Shikamoo daktari. Ni mfamasia wa dirisha la nje. Nina mama mjamzito wa miezi minane, cheti chako cha leo kina diklofenaki. Kwa ujauzito wake ina hatari kwa mtoto. Ningeomba tumpe parasetamo, kama unaridhia."

Mwanzo tunaigiza, mimi nikiwa daktari, tena daktari mkorofi wa saa tisa usiku. Kisha anapiga kweli nikiwa ubavuni. Tunaandika kila simu: saa, kilichosemwa, kilichoamuliwa. Na jambo moja kwa msimamizi: nenda mwenyewe kwa Mganga Mfawidhi kabla ya mafunzo kuanza, umwombe awaambie madaktari kwamba simu hizi zitakuja. Bila hilo unamtuma mtoto wa watu kwenye moto.

Hatua ya sita: stoo

Stoo haifundishwi kwa kutembezwa. Mpe kipengele kimoja, mwambie ahesabu kilichopo, alinganishe na kadi ya stoo na leja na mfumo wa kompyuta, aje na maelezo ya kila tofauti. Mara ya kwanza atakuja na namba tatu tofauti na uso uliosawijika. Ndivyo inavyotakiwa.

Kisha hesabu ya mahitaji, na hapa ndipo tunapopoteza dawa na fedha. Chukua mfano: makopo 420 ya amoksilini yametoka stoo kwa siku 90. Mtarajali atagawanya kwa miezi mitatu, apate 140 kwa mwezi, aagize hivyo. Lakini kadi inaonyesha siku 20 kati ya hizo dawa ilikuwa imekwisha kabisa. Kwa hiyo makopo 420 yametumika kwa siku 70, yaani sita kwa siku, na hitaji la kweli ni 180 kwa mwezi. Ukiagiza 140 unaagiza upungufu uleule urudi. Mtu asiyeuliza siku za kukosekana, hata kama anaujua mfumo wa eLMIS, ule wa kompyuta wa kuagizia dawa, kwa kidole kimoja, kwenye kazi namba 6 bado yuko ngazi ya 2.

Mfundishe pia kuangalia nje ya dirisha. Bohari ya Dawa (MSD) ina kanda yake hapa Mtwara, lakini mzigo mwingi unashuka kutoka Dar es Salaam kwa barabara moja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, Kilwa, magari yakakwama pande zote. Basi muulize: akiba yako ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, inatosha siku ngapi barabara isipopitika? Na kama MSD hawana, karatasi za kwenda kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi mwenye mkataba, ziko wapi, nani anasaini, inachukua siku ngapi? Akijibu "nitauliza", mwache akaulize sasa hivi.

Mpangilio wa stoo wenyewe niupite haraka: sentimita 10 kutoka sakafuni, 30 kutoka ukutani, inayokaribia kuisha muda ndiyo inatoka kwanza. Kwa unyevu wa pwani yetu usimwache aegemeze katoni ukutani hata siku moja.

Friji

Nyuzi 2 hadi 8, kusoma na kuandika mara mbili kwa siku, pamoja na wikendi. Hilo wote wanalijua. Jaribio letu ni la vitendo: namkabidhi boksi la baridi, vibarafu, kipimajoto na chupa tupu za insulini, namwambia, "Umeme umekatika, jenereta haiwaki, una nusu saa." Wengi wanabandika insulini moja kwa moja kwenye vibarafu vilivyoganda. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kwa macho inaweza isionyeshe dalili. Anayetanguliza kuviacha vibarafu vitoe jasho, akaweka kitambaa au kadibodi katikati na kipimajoto ndani, huyo amepita.

Hatua ya saba: kumwambia alivyofanya

Siku hiyohiyo. Pembeni, si mbele ya mgonjwa wala fundi dawa. Dakika tano zinatosha.

Anza kwa kumuuliza yeye: "Yule mama wa kwanza, umeionaje mwenyewe?" Mara nyingi ameshaliona kosa, na ukimwacha alitaje hutakuwa na kazi ya kubishana. Kisha sema jambo moja alilofanya vizuri, lakini liwe la kweli na la wazi. "Unajitahidi" haimsaidii mtu. Kisha jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Ukitaja saba atakumbuka kwamba umemkasirikia.

Andikeni, msaini wote wawili. Kama hakubaliani, na yeye aandike. Nimewahi kusahihishwa humo: niliandika mtarajali hakuuliza mzio wa dawa, naye akaandika chini yake kwamba aliuliza wakati mimi napokea simu. Alikuwa sahihi. Ngazi nikaibadilisha.

Kwa famasi yenye mfamasia mmoja

Kama wewe ndiye msimamizi, mhasibu na muuzaji, huwezi kumtazama mtu siku nzima. Chagua nusu saa mbili kwa wiki, zilezile, na siku hizo acha kaunta kwake ukae kwenye stuli. Kazi za wodini na za dawa zinazodhibitiwa zungumza na hospitali iliyo karibu wakupokelee mtu wako wiki chache. Huko Lindi na Masasi tunafahamiana wote, ni suala la kuomba.

Hatua ya nane: asiyepanda

Atakuwepo. Miezi minne imepita na bado yuko ngazi ya 2 kwenye dozi za watoto. Kabla hujasema ni mzembe, soma daftari. Ameonekana mara ngapi? Nani alimwona? Kama kurasa ni tupu, aliyefeli ni wewe.

Kama zimejaa, tafuta kinachojirudia. Mmoja wetu alikuwa anakosea dozi saa za jioni tu. Ikaja kujulikana analala saa tatu kwa siku kwa sababu ya kibarua cha usiku, posho ilikuwa imechelewa. Mwingine alikuwa hajui kugawanya desimali, na alikuwa ameificha aibu hiyo tangu sekondari. Kila mmoja tulimpangia wiki nne za kazi ileile moja, msimamizi tofauti, kisha kuonekana upya. Baada ya hapo, kama bado, taarifa inaandikwa kama ilivyo na inapelekwa inakotakiwa. Kumsainia mtu kwa huruma ni kumhamishia mgonjwa wa wilaya nyingine tatizo lako. Na tafadhali, ile tabia ya kusaini fomu zote Ijumaa ya mwisho kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, tuiache.

Hatua ya tisa: funguo

Kabati la dawa zinazodhibitiwa ndilo la mwisho. Mofini, pethidini, diazepamu. Kwa wiki mbili anahesabu pamoja nami kila makabidhiano ya shifti: kilichokuwepo, kilichotoka kwa cheti gani, kilichobaki, chupa tupu zilizorudishwa. Rejista haifutwi, ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika sahihi, unasaini. Siku moja ndani ya wiki hizo naongeza ampuli moja ya ziada kabatini bila kumwambia. Anayeandika "imelingana" bila kuhesabu anaanza wiki mbili upya. Anayekuja kuniambia, "Kaka, kuna moja imezidi," huyo usiku huohuo nampa funguo, tunaandikishiana, na mimi nakwenda nyumbani.

Sizimi simu. Asubuhi nakuja mapema nusu saa, tunahesabu pamoja. Baada ya wiki mbili namtazama tena dirishani bila taarifa, kwa sababu mtu akishaachwa peke yake huanza kukata kona, hata mimi nakata.

Akimaliza mwaka, toa nakala ya daftari lote. Moja abaki nayo, akipangiwa Ruangwa aende nayo, msimamizi wake mpya aone ni kazi gani alionekana akifanya na nani alimwona. Nakala nyingine ibaki kwako. Kabla hajaondoka, mtarajali anayefuata awe ameshafika angalau wiki mbili kabla, na kazi ya kumwonyesha namna ya kuchanganya amoksilini mbele ya mama mwachie yeye. Wewe keti hatua nne nyuma, ila safari hii umegeukia dirishani.